TUSIISINGIZIE BAHARI

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nadhani wahenga hao hawakuwahi kuingia katika stoo ya vifaa ya shule yetu. Kipindi cha Kilimo kikifika tunasukumana mlangoni kama watu wanaogombania matatu, kila mmoja akilitaka lile jembe moja lenye makali. Mengine yote yameliwa na kutu.

Muhula uliopita nilishika jembe moja nikaona jina langu mpinini. Nililichoma mwenyewe kwa msumari wa moto nilipoingia Kidato cha Kwanza, kwani kila mwanafunzi mgeni aliagizwa aje na jembe jipya. Mama alilinunua kwa pesa alizopata kwa kuuza mahamri. Sasa lilikuwa jekundu, ukingo umemegeka, nalo linacheza mpinini kama jino bovu. Jamani, niliona uchungu!

Ukiuliza, utajibiwa, "Hii ni hewa ya bahari, utafanyaje?" Ndugu wasomaji, mimi sikubaliani na jibu hilo. Ni kweli huku kwetu Pwani hewa ina unyevu na chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Lakini fundi seremala wa mtaani kwetu anavuta hewa hiyo hiyo, na patasi zake zinang'aa kuliko viatu vya kiranja. Siri yake ni kitambaa chenye mafuta. Kila jioni hupangusa kila kifaa kabla ya kukiweka.

Hata katika maabara tulijionea wenyewe. Msumari uliokaa katika hewa kavu haukupata kutu. Ule uliotiwa katika maji yaliyochemshwa, yakafunikwa kwa mafuta, nao ulisalimika. Ulioliwa ni ule uliopata maji na hewa pamoja. Somo hili tuliliandika vizuri daftarini, tukapewa alama zetu, kisha tukatoka shambani na kuyatupa majembe yenye tope juu ya sakafu ya simiti. Tope hushika maji, na wakati wa masika unyevu hupanda kutoka sakafuni. Je, kosa ni la bahari ama ni letu?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mtu asirudishe kifaa kabla ya kukitoa tope na kukikausha. Pili, majembe na mapanga yaangikwe ukutani, yasilale chini. Tatu, tuweke ndoo ya mchanga mkavu uliochanganywa na oili kidogo. Ukilichomeka jembe humo mara mbili tatu, mchanga unalisugua na oili inalipaka. Mchanga huo usitoke ufuoni, maana una chumvi. Misumeno na patasi zipakwe mafuta kwa kitambaa. Kutu iliyokwisha kuingia iondolewe kwanza kwa msasa ama brashi ya waya.

Wako watakaosema ati hiyo ni kazi ya mtunza stoo. Yeye ni mtu mmoja, nasi ni darasa zima. Dakika tano za kila mmoja wetu zinatosha, na chupa ndogo ya oili haishindi bei ya jembe jipya.

Jembe langu nimeshalisugua na kulikaza mpini. Halitarudia upya wake, lakini linalima. Wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu watajengeshwa wazazi wetu.