Mshairi Aliyefugwa

Kila utawala uliopita Hungaria umeweka shada la maua miguuni pa sanamu ya Sándor Petőfi. Wakomunisti waliliweka. Mwaka 2023, ilipotimia miaka 200 tangu azaliwe, serikali ya Viktor Orbán nayo ililiweka. Nashikilia kwamba heshima hiyo ni namna ya kumfuga.

Tuyatazame matendo yake. Tarehe 15 Machi 1848, mjini Pest, Petőfi na vijana wenzake waliingia katika kiwanda cha chapa cha Landerer na Heckenast, wakachapisha shairi lake na madai 12 ya taifa bila kibali cha mdhibiti. Dai la kwanza lilikuwa uhuru wa kuchapa na kukomeshwa kwa udhibiti. Siku hiyohiyo umati ulivuka hadi Buda ukamtoa gerezani Mihály Táncsics, aliyefungwa kwa sababu ya maandishi yake. Sikukuu ya 15 Machi huadhimisha hayo. Serikali inayobana magazeti inaiadhimisha kwa haki ipi?

Wapo wasemao uzalendo ni damu. Wazazi wa Petőfi walikuwa wa asili ya Kislovakia. Alizaliwa akiitwa Petrovics, na jina la Petőfi alijichagulia mwenyewe. Basi mzalendo mkuu wa Hungaria alikuwa mzalendo kwa hiari, si kwa nasaba.

Sikusudii kuyatakasa mapinduzi yale. Wahungaria walidai kwa watawala wa Habsburg haki ambazo wao wenyewe walisita kuwapa Waslovakia, Waserbia na Waromania walioishi nao. Bunge lao lilipitisha sheria ya haki za mataifa hayo tarehe 28 Julai 1849, majeshi ya Urusi yakiwa yamekwisha kuingia nchini kuisaidia Austria. Siku tatu baadaye Petőfi, mwenye umri wa miaka 26, alitoweka katika vita vya Segesvár. Haki ilikuja wakati haiwezi tena kumwokoa mtu. Somo hilo halimo katika hotuba za sikukuu.

Hata hivyo, hakufugika kabisa. Mwaka 1956 vijana wasomi wa Budapest walijadili makosa ya utawala katika jukwaa lililobeba jina la Petőfi, na tarehe 23 Oktoba wanafunzi walikusanyika penye sanamu yake. Chama kilichomtukuza kilijikuta kikikabiliwa kwa jina lake, na vifaru vya Kisovieti ndivyo vilivyojibu.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, usikipime kiongozi kwa mashairi anayoyanukuu. Mpime kwa namna anavyomtendea mwandishi aliye hai. Nawe mtumishi wa umma unayeandika hotuba ya sikukuu, liweke dai lile la kwanza ndani yake. Likifutwa, utakuwa umejua unamtumikia nani.