Rehani Asiyoiweka Mwenyewe

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu huko Florida, Marekani, aliniandikia majuzi akitaka ushauri. Ameambiwa kwamba kwa dola mia chache mtu aweza kujinunulia nyumba ambayo mwenyewe ameshindwa kuilipia kodi. Mimi si mwanauchumi. Kazi yangu ni lugha. Lakini naona tatizo la kwanza limo katika neno hilo "kununua".

Kinachouzwa si nyumba, ni deni. Huko Florida, kodi ya ardhi na majengo isipolipwa kabla ya Aprili 1, kaunti hunadi hati ya deni hilo. Mnada wenyewe huenda kinyumenyume: riba huanzia asilimia 18 kwa mwaka, na anayekubali riba ya chini kabisa ndiye mshindi. Hulipa kodi ile, kisha humngoja mwenye nyumba akomboe hati. Akikomboa, mngojaji hurudishiwa fedha zake na riba, basi. Ikipita miaka 2 bila malipo, aweza kuomba nyumba ipigwe mnada, ila sharti kwanza agharimie ombi hilo na kulipia hati nyingine zilizo juu ya mali hiyo. Hata hapo, mwenye bei kubwa ndiye aichukuaye. Na hati ikilala miaka 7, hubatilika. Ole wake aliyenunua deni la kipande cha kinamasi!

Kiswahili chatufaa hapa. Rehani huwekwa na mwenye mali kwa hiari yake. Deni hili hujifunga juu ya nyumba kwa nguvu za sheria, hata mwenyewe akiwa mgonjwa au amesahau.

Katika jimbo la Minnesota, ambako utaratibu ni mwingine, bibi kizee Geraldine Tyler alidaiwa kodi ya dola 2,300. Adhabu na riba zikalifikisha deni dola 15,000. Kaunti ya Hennepin ikaiuza nyumba yake kwa dola 40,000 na kuzibakiza zote. Mnamo 2023, Tyler akiwa na umri wa miaka 94, majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba kaunti haikuwa na haki ya kujichukulia ziada ile.

Nimemjibu mwanafunzi wangu kwamba, kabla hajatoa hata dola moja, aende akaitazame nyumba yenyewe, na aulize ni nani anayeishi humo.