MDAHALO SI NGONJERA

Kila aliyepata kusoma sekondari katika Mkoa wa Mtwara anaikumbuka siku ya mdahalo. Mwenyekiti huketi, katibu hushika kalamu, mtunza muda hushika kengele, na mada husomwa. Kisha wasemaji husimama mmoja mmoja na kutoa, kwa Kiingereza kilichokaririwa usiku uliotangulia, hotuba ambazo zingebaki vile vile hata kama upande wa pili usingefika ukumbini. Makofi hupigwa, mshindi hutangazwa, na hakuna hoja iliyojibiwa.

Huo si mdahalo, ni ngonjera. Ngonjera za marehemu Mathias Mnyampala zilikuwa na shabaha yake, na zilifanya kazi kubwa ya kueneza siasa ya Azimio la Arusha. Lakini katika ngonjera mbishi hushindwa kwa sababu mtunzi ameamua ashindwe. Katika mdahalo hakuna mtunzi.

Mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanza mwaka 1988, yanaonyesha tofauti hiyo. Kila upande huwa na wasemaji watatu, kila mmoja dakika 8, na hotuba ya majumuisho ya dakika 4. Mpinzani huruhusiwa kuinuka katikati ya hotuba na kuuliza. Zaidi ya hayo, baadhi ya mada hutolewa saa moja tu kabla ya mdahalo kuanza. Kanuni hiyo peke yake yatosha kumuumbua aliyezoea kukariri.

Wako wanaouona mdahalo kuwa anasa ya shule za mijini. Historia ya karibuni ya Mtwara yawakanusha. Gesi ya Mnazi Bay, jirani na maingilio ya Mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982. Ulipofika wakati wa kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, Serikali ilikuwa na hoja nzito: taifa zima lilihitaji umeme, na rasilimali ni ya Watanzania wote. Wananchi wa Mtwara nao walikuwa na hoja nzito: mkoa ulioshuhudia reli ya mradi wa karanga ikijengwa na kisha kung'olewa ulikuwa na haki ya kuuliza utabaki na nini. Hoja hizo mbili zingeweza kupimwa mezani. Badala yake, mwezi Januari na Mei 2013, watu walipoteza maisha na mali ikateketezwa. Haisemwi hapa kwamba vilabu vya midahalo vingeyazuia hayo yote. Inasemwa kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne wa mkoa huo apaswa kuweza kuzitetea hoja zote mbili, kwa uaminifu ule ule, katika alasiri moja.

Mada nyingine haziko mbali. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008. Je, umemfaa mkulima kuliko soko huria? Mtoto wa mkulima hahitaji maktaba ili aanze. Nyumbani ziko stakabadhi, na baba anayajua makato kwa senti. Na Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, je, ilifanya sawa? Mada kama hizi zijadiliwe kwanza kwa Kiswahili, hoja ikomae, ndipo Kiingereza kifuate.

Walimu wengine huhofu kwamba mwanafunzi aliyefundishwa kupinga atampinga mwalimu. Atampinga, bila shaka. Mwalimu Nyerere hakuliogopa jambo hilo: Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai akili yenye kudadisi, na mwongozo wake wa siasa ya nje wa mwaka 1969 ulibeba jina lililowataka Watanzania wajenge hoja badala ya kupiga kelele.

Kazi yenyewe haingoji bajeti. Shule ya kata pembezoni mwa Ruvuma yaweza kuanza Ijumaa hii kwa chaki na saa ya ukutani. Pande zipangwe kwa kura mlangoni, ili asiwepo anayetetea aliloliandaa tu. Kila msemaji kabla ya kujibu aieleze hoja ya mpinzani mpaka mpinzani mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Na nusu ya alama zitolewe kwa majibu, si kwa hotuba.