Anafanya Kazi ya Serikali Bila Mshahara

Kila Jumanne saa kumi na moja jioni, mwanajeshi mstaafu mmoja pale Gilgil hufungua ukumbi mdogo wa kanisa, akapanga viti vya plastiki na kubandika sufuria ya chai. Kiti chake hukiweka mahali anapouona mlango. Wanaokuja ni wanaume waliovuka mpaka wakaingia Somalia kwa jina letu, wakarudi na kitu ambacho daktari wa kambi hakukiona. Yeye ana miaka tisa hajaonja pombe. Kabla ya hapo alikuwa wa kuokotwa mtaroni.

Niliruhusiwa kuketi nao siku moja. Kijana aliingia, akasimama wima, akasema, "Jambo, afande."

"Hapa hakuna afande. Keti. Jana ulipata usingizi saa ngapi?"

Kijana alikawia kujibu. "Saa kumi alfajiri."

"Kwa nini?"

"Kwa nusu mzinga."

Sijawahi kusikia uchunguzi wa kitabibu uliofika kwenye kidonda upesi hivyo. Aliuliza usingizi kwa sababu anajua ulevi wa askari huanzia wapi. Mtu anakunywa ili alale. Pombe inamwangusha haraka, halafu usiku wa manane inamvurugia usingizi uleule, ndoto zinarudi kwa ukali zaidi, kesho yake anaongeza kipimo. Mkewe anahamia chumba cha watoto kwa kuogopa kupigwa na mtu aliye usingizini. Mtaa unamwita mlevi, na hapo ndipo habari yake inapofungwa.

Kiwewe kimeshika usukani, uraibu unasukuma gari, na sisi tumesimama kando ya barabara tukicheka.

Tuseme ukweli basi. Wanajeshi wetu wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa na Al-Shabaab, na mpaka leo serikali haijatuambia hadharani ni wangapi waliuawa. Mwaka mmoja baadaye ikavamiwa kambi yao nyingine ya Kulbiyow. Nchi ambayo haiwezi kuhesabu maiti zake mbele ya watu itawahesabuje walio hai wanaoamka usiku wakipiga kelele? Mama asiyejua mwanawe alikufaje, na askari aliyemwona mwenzake akifa kisha akaambiwa afunge mdomo, wote wawili wamebebeshwa ukimya uleule. Ukimya huo ndio unaomiminwa kwenye glasi za chang'aa kuanzia Gilgil hadi Nanyuki.

Sheria zetu nazo zimeongeza chumvi kwenye kidonda. Sheria ya jeshi ya mwaka 2012 inauhesabu ulevi kuwa kosa la kinidhamu. Sawa, jeshi haliwezi kulinda mpaka likiwa limelewa. Lakini mgonjwa akiadhibiwa tu bila kutibiwa, anafunzwa jambo moja: kujificha. Na yule aliyefika mwisho wa kamba, aliyejaribu kujitoa uhai akanusurika, alikuwa mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, wa kufungwa hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu hicho Januari 2025. Kwa miaka yote hiyo, askari aliyenusurika hivyo akampigia simu huyu bwana wa Gilgil usiku wa manane kumweleza, alikuwa anakiri kosa la jinai. Bwana huyu alipokea hata hivyo. Simu yake haizimwi. Kijana asiye na nauli anatumiwa shilingi mia kwa M-Pesa, kutoka kwenye pensheni.

Najua watakavyosema wenye ofisi: huyu hana shahada. Sheria ya mwaka 2014 inataka washauri nasaha wasajiliwe na bodi, nami naiunga mkono, maana matapeli ni wengi na mtu aliyevunjika huvunjika zaidi mikononi mwa asiyejua kazi. Kwa hiyo mfundisheni! Mlipieni masomo, mpeni mwanasaikolojia wa kumsimamia na wa kumsikiliza yeye pia, kwa kuwa anayesikiliza El Adde kila wiki naye anaumia. Kinachonikera ni kwamba mlango umewekwa kufuli, kisha anayesimama nje analaumiwa kwa kutoingia.

Na msiniambie ni ndoto ya mwandishi. Bill Wilson alikuwa luteni wa jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Kwanza, akazama katika pombe, kisha mwaka 1935 yeye na daktari mmoja mlevi kama yeye wakaanzisha Alcoholics Anonymous mjini Akron: mraibu mmoja akizungumza na mwingine. Wanajeshi waliotoka Vietnam walianza kuketi wenyewe kwa wenyewe kusimuliana, na kilio chao kilichangia madaktari wa Marekani kuutambua rasmi ugonjwa wa kiwewe mwaka 1980. Mwaka mmoja kabla ya hapo Bunge lao lilikuwa limeidhinisha vituo vya mitaani vya kuwahudumia, na washauri wengi katika vituo hivyo wamekuwa wanajeshi wa zamani wenyewe.

Sisi tulipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Iko kwenye karatasi. Waziri wa Ulinzi, chukua gari, Gilgil si mbali. Nenda bila kamera. Uulize mishahara ya washauri wa aina hii imeandikwa kwenye ukurasa gani wa bajeti yako, na kama haupo, uandike ukurasa huo kabla ya kijana wa nusu mzinga kukosa Jumanne moja.

Wiki hii ukumbi utafunguliwa saa ileile. Majani na sukari atanunua mwenyewe.