Fidla ya Waya wa Breki

Katika Mangateen, mjini Juba, ambako mwaka 2018 zilihamishiwa familia zilizokuwa zimejihifadhi kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, mtu akitaja okestra ya kupiga muziki wa Beethoven huenda akachekwa. Husemwa kuwa muziki huo ni wa watu wenye kumbi kubwa na mishahara ya kupigia fidla. Watu wa Kinshasa, wasio na kimojawapo, hawakungoja.

Armand Diangienda alikuwa rubani wa ndege. Kazi ilipomtoka, akaanzisha mwaka 1994 okestra katika Kanisa la Kimbangu, ingawa hakuwa amesomea muziki. Wapigaji walikuwa wengi kuliko fidla, basi wakapokezana. Uzi ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Sauti yake yaelekea haikuwa tamu sana, lakini mazoezi yaliendelea.

Hao ni wapigaji wa ridhaa. Mchana mmoja yuko sokoni, mwingine katika ufundi wa umeme. Jioni hushika ala. Filamu ya Kijerumani ya mwaka 2010, "Kinshasa Symphony", inawaonyesha wakijiandaa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na umeme unakatika wakikaribia sehemu ya mwisho. Waimbaji nao walilazimika kujifunza maneno ya Kijerumani.

Lililo gumu kwa mpigaji wa ridhaa si vidole peke yake, bali kungoja. Katika simfonia hiyo kwaya haiimbi mpaka sehemu ya nne. Hukaa kimya kwa muda wa dakika arobaini hivi. Mpiga tarumbeta naye huhesabu mapigo mengi akiwa kimya, na akipotewa na hesabu ataingia peke yake mbele ya watu wote. Askari aliyepata kulinda lango usiku wa manane, pasipo jambo lolote kutokea, anaifahamu kazi hiyo.

Matarumbeta na ngoma si vitu vigeni kwa askari, maana bendi huvipiga kwenye gwaride. Fidla ndiyo adimu, pamoja na mtu wa kuifundisha. Tena fidla ya mwanafunzi hukwaruza kwa miezi mingi. Katika nyumba ya chumba kimoja, iliyopakana ukuta na jirani aliyetoka zamu alfajiri, mama atahitaji kwanza kupatana na jirani huyo juu ya saa za mazoezi.