Hesabu Saa, Si Miezi

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani, njia ya umeme upitao chini ya bahari hadi Fumba ilipoharibika. Mji Mkongwe ulinguruma kwa jenereta. Ya kwetu ilikufa mwezi wa pili; na mimi, niliyerudi karibuni kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari, ndiye niliyeiua.

Nilihesabu miezi. Injini ndogo za petroli kwa kawaida hutaka oili mpya kila baada ya saa 100 hivi, na ile ya kwanza kabisa mapema zaidi. Anayewasha saa sita kila usiku huzimaliza saa hizo kwa siku 17! Wala rangi si kipimo: oili njema hugeuka nyeusi upesi, kwa kuwa dawa zilizomo huyashika masizi yasigande kwenye pistoni.

Katika 10W-30, tarakimu iliyo kabla ya W huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, baridi ambayo Unguja haiijui. 30 ni mnato wake katika nyuzi 100 za Selsiasi. Basi kitabu cha injini kikiruhusu SAE 30, sioni sababu ya kulipa zaidi.

Jenereta iliyolala iwashwe nusu saa kila mwezi, ikibebeshwa taa na friji, ili joto liufukuze unyevu ulioingia katika oili. Iwashwe nje, mbali na madirisha. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na kaboni monoksidi haina harufu: moshi wako waweza kuingia chumbani kwa jirani aliyelala.