Haki ya Mkimbizi Isiwe Hisani ya Afisa

Mwaka uliopita nilimtetea mahakamani mama mmoja kutoka mashariki mwa Kongo, aliyeshtakiwa kwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Karatasi alikuwa nayo. Ilionyesha kwamba ameomba hifadhi na kwamba arudi ofisini kwa mahojiano tarehe fulani. Alirudi tarehe hiyo, akaambiwa aje mwezi ujao. Mwezi ujao ukazaa mwaka, mwaka ukazaa wa pili na wa tatu, hata karatasi yenyewe ikaisha muda wake. Askari aliyemkamata hakuwa na haja ya kujua ni nani aliyechelewesha jambo hilo. Mama akalala korokoroni siku mbili, na mtoto wake anyonyaye akabaki kwa jirani.

Msidhani kwamba tatizo ni kukosa sheria. Ni kweli kwamba Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka wa 1966, ikakaa miaka 40 bila kuutungia sheria yake. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilipokuja, ilimtaka mgeni ajitokeze katika siku 30, ikampa Kamishna siku 90 za kulichunguza ombi lake. Siku 30 za mnyonge zilihesabiwa moja moja. Siku 90 za serikali hazikuhesabiwa na mtu. Mkimbizi aliyekutwa nje ya eneo alilotengewa bila idhini aliweza kutozwa faini ya shilingi 20,000 au kufungwa miezi 6. Sikumbuki afisa yeyote aliyetozwa hata senti moja kwa kulikalia faili. Sheria mpya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ni bora kuliko ile, nayo inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Ila ruhusa hiyo hutegemea vyeti, na vyeti hutoka kwenye meza ile ile.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya 1991 serikali yenyewe iliwahoji waombaji hifadhi, nao wengi, hasa Waganda, waliishi mijini miongoni mwetu. Baadhi yao walitufundisha shuleni. Kisha dola ya Somalia ikasambaratika, vita vya Sudan vikazidi, na serikali ikainua mikono, ikaliachia shirika la UNHCR kazi hiyo. Dadaab ilifunguliwa 1991 na Kakuma 1992. Miaka hiyo hiyo wazee wetu walikuwa wakishangilia kufutwa kwa kifungu cha 2A, ili raia apumue. Waliopokewa kwa dharura wakati ule wana wajukuu waliozaliwa humo kambini, na mpaka leo mkazi wa kambi huomba kibali ili afike Nairobi. Babu zetu waliovaa kipande shingoni wangeitambua karatasi hiyo mara moja.

Lililoniudhi zaidi ni utawala wa matamko. Desemba 2012 ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wa mijini waende kambini; Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja alilifuta agizo hilo. Mwaka wa 2014 likatolewa jingine, na Aprili ikaja Operesheni Usalama Watch: maelfu wakazolewa Eastleigh na kwingineko, wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, na mamia wakapakiwa ndege kurudishwa Mogadishu. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge likapitisha kwamba wakimbizi nchini wasizidi 150,000, ilhali waliokuwapo walikuwa zaidi ya mara tatu ya hao. Waliosalia wangepelekwa wapi? Mahakama Kuu ilikitengua kifungu hicho Februari 2015. Mwaka wa 2016 tukaambiwa Dadaab inafungwa, na idara ya wakimbizi ikavunjwa. Februari 2017 Jaji John Mativo akabatilisha. Kesi hizo zote zilishindwa na serikali, nami nawapongeza waliozipeleka. Lakini jaji hawezi kuketi pale ofisini akapiga mihuri.

Wala madhara hayakuishia kwa wageni. Katika Garissa na Wajir wako Wakenya halisi ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliandikisha majina kambini ili watoto wapate chakula. Alama zao za vidole zikaingia katika daftari la wakimbizi. Walipotimiza miaka 18 wakanyimwa kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna kura, hakuna benki, hakuna kazi ya maana. Njaa ya mtoto imegeuzwa ushahidi dhidi ya uraia wake.

Na hata aliyekubaliwa kuwa mkimbizi hana uhakika. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi hapa walitekwa nyara Nairobi, na serikali yetu ikakiri kwamba imewarudisha Uturuki kwa ombi la nchi hiyo. Sisi wa harakati za mageuzi twapaswa kulitetemekea jambo hilo. Ngugi wa Thiong'o alisitiriwa Uingereza. Koigi wa Wamwere, Norway. Wakili mwenzetu Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani Julai 1990. Na akina mama wa wafungwa wa kisiasa, walipofurushwa Uhuru Park Machi 1992, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints. Laiti wote hao wangeambiwa waje mwezi ujao!

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaoahidi kuzigeuza kambi ziwe makazi ya pamoja na wenyeji. Siupingi. Nadai tu kwamba siku za kuamua ombi ziibane serikali kama zinavyombana mwombaji: zikipita bila jibu, karatasi iendelee kuwa halali, na askari asiwe na ruhusa ya kumkamata mtu kwa uzembe wa ofisi.

Nanyi mlio makanisani, mnaketi na watu hawa kila Jumapili. Waandikieni tarehe walizoomba na tarehe walizorudishwa, na mtunze nakala za karatasi zao. Mahakamani daftari kama hilo lina uzito kuliko hotuba yangu. Mashtaka ya yule mama yaliondolewa. Ombi lake bado halijajibiwa, naye ameitwa tena ofisini. Nimewaomba watu wawili wa kanisa lake wafuatane naye.